Mfumo Unapokwama: Namna Wataalamu Wanavyobaini Miamala Iliyofungana Ndani ya Kanzidata

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anapofika dirishani kulipia leseni ya biashara, au anapolipa ankara yake kwa simu, jambo analoliona ni dogo: anataja namba, anathibitisha kiasi, anapewa stakabadhi. Nyuma ya tendo hilo ipo kanzidata, yaani ghala la taarifa lililopangwa kwa majedwali, ambayo kwa wakati huohuo inahudumia watu wengine wengi. Mara nyingi kazi hiyo hukamilika kabla mlipaji hajainua macho. Hata hivyo, zipo siku ambazo kioo humwandikia kwamba muamala haukukamilika na kwamba ajaribu tena, bila kumweleza sababu.

Sababu mojawapo ya ujumbe huo ni mkwamo: hali ambayo miamala miwili au zaidi hufungana kwa kusubiriana, kila mmoja ukiwa umeshika kitu ambacho mwingine unakihitaji. Makala haya yanaeleza jinsi hali hiyo inavyotokea, jinsi wataalamu wa Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA) wanavyoibaini, na kwa nini kuzima mfumo na kuuwasha upya, jambo ambalo wengi hulikimbilia, si tiba yake.

Kufuli na sababu ya kuwapo kwake

Kanzidata nyingi zinazotunza taarifa za malipo, ardhi, leseni na usajili ni za uhusiano. Msingi wake uliwekwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, aliyependekeza kwamba taarifa zipangwe katika majedwali yanayohusiana. Kila mstari wa jedwali hueleza kitu kimoja: mlipaji mmoja, ankara moja au kiwanja kimoja.

Mabadiliko katika majedwali hayo hufanywa kwa miamala. Muamala ni kundi la mabadiliko linalohesabiwa kuwa kitu kimoja: ama yote yafanyike, ama lisifanyike hata moja. Malipo hayawezi kuandikwa kwenye stakabadhi huku deni likibaki palepale. Umeme ukikatika katikati, kanzidata hurudisha kila kitu kama kilivyokuwa kabla ya muamala kuanza.

Ili miamala inayokwenda pamoja isivurugane, kanzidata hutumia makufuli. Tuseme akaunti ina shilingi 100,000, na miamala miwili inataka kuongeza shilingi 20,000 kila mmoja kwa wakati uleule. Bila kufuli, kila muamala ungeweza kusoma 100,000 na kuandika 120,000, na shilingi 20,000 zingepotea vitabuni bila mtu kuziiba. Kwa hiyo muamala wa kwanza hufunga mstari huo, hufanya kazi yake na kuufungua. Wa pili husubiri kisha husoma kiasi sahihi. Kusubiri kwa namna hii si hitilafu. Ni ulinzi wa fedha na haki za mwananchi.

Kusubiri kunapogeuka kusubiriana

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mfumo wa mapato wa halmashauri. Programu ya kupokea malipo hufanya mambo mawili kwa mpangilio huu: kwanza hubadilisha mstari wa mlipaji, kisha huongeza kiasi kwenye mstari wa jumla ya makusanyo ya kata yake. Programu ya kufunga hesabu za siku, iliyoandikwa na mtu mwingine miaka kadhaa baadaye, hufanya kinyume: huanza na mstari wa jumla ya kata, kisha hupita kwa walipaji mmoja mmoja na kuwawekea alama kwamba hesabu zao zimehakikiwa.

Kila programu, ikifanya kazi peke yake, haina kosa. Siku moja saa 9:30 alasiri, mhasibu anafunga hesabu wakati mfanyabiashara wa mwisho analipa. Programu ya malipo imeshafunga mstari wa mlipaji na inataka ule wa jumla. Programu ya kufunga hesabu imeshafunga mstari wa jumla na inataka ule wa mlipaji. Hakuna inayoweza kusonga mbele, na hakuna inayoachia ilichoshika kabla ya kumaliza.

Mwaka 1971, wataalamu Edward G. Coffman, Michael J. Elphick na Arie Shoshani walichapisha uchambuzi ulioeleza masharti manne ambayo lazima yakutane ili mkwamo utokee. La kwanza, kitu kinachogombewa kiwe cha kutumiwa na mmoja tu kwa wakati mmoja. La pili, mwenye kukishika aendelee kukishikilia huku akisubiri kingine. La tatu, asiweze kunyang'anywa. La nne, kusubiri huko kufanye mduara unaorudi ulikoanzia. Likivunjwa sharti moja tu kati ya hayo, mkwamo hautokei. Masharti hayo ndiyo dira ya uchunguzi na ya tiba hadi leo.

Hatua ya kwanza: kutofautisha foleni na mkwamo

Taarifa inayofika kwa wataalamu kwa kawaida ni fupi: mfumo umekwama. Kabla ya kugusa chochote, inawapasa kujua umekwama kwa namna ipi, kwa sababu hali mbili zinazofanana machoni pa mtumiaji zina vyanzo tofauti.

Hali ya kwanza ni foleni. Muamala mmoja umeshika kufuli kwa muda mrefu na mingine yote imejipanga nyuma yake. Huenda ni ripoti kubwa inayobadilisha maelfu ya mistari. Huenda ni mtumishi aliyefungua muamala kwenye kompyuta yake, akaenda kula bila kuukamilisha. Hapa hakuna mduara, bali kuna mtu mmoja mbele anayezuia njia.

Hali ya pili ni mkwamo wenyewe. Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba kanzidata za kisasa huutambua mkwamo na kuuvunja zenyewe. PostgreSQL, kwa mpangilio wake wa awali, huanza kutafuta mduara baada ya muamala kusubiri kwa sekunde 1. SQL Server hukagua kila baada ya sekunde 5, na hukagua kwa kasi zaidi inapobaini mikwamo. InnoDB, injini ya kuhifadhia taarifa ndani ya MySQL, huutambua mara tu unapotokea. Mduara ukipatikana, muamala mmoja huchaguliwa na kubatilishwa ili mwingine upite. Uliobatilishwa ndio unaomletea mwananchi ujumbe wa kujaribu tena.

Kutokana na ukweli huo hupatikana kanuni muhimu ya uchunguzi. Kama watu wachache wanapata ujumbe wa kushindwa kwa muamala huku wengine wakiendelea kuhudumiwa, mkwamo ni wa kushukiwa. Kama mfumo wote umesimama kwa nusu saa, mara nyingi chanzo si mkwamo wa ndani ya kanzidata, bali ni foleni, au ni mduara ambao sehemu yake iko nje ya kanzidata, katika programu inayoitumia, mahali ambapo kanzidata haioni.

Namba za hitilafu husaidia kutenganisha hali hizi, lakini zinadai uangalifu. Katika PostgreSQL mkwamo hutambulishwa kwa namba 40P01, na katika Oracle kwa ORA-00060. Katika MySQL, namba 1213 ni mkwamo, na 1205 ni muda wa kusubiri kufuli kupita kiasi, ambao kwa mpangilio wa awali ni sekunde 50. Katika SQL Server, namba hiyohiyo ya 1205 ndiyo ya mkwamo. Mtaalamu aliyezoea kanzidata moja anaweza kupotoka anapoitwa kwenye nyingine, asipouliza kwanza ni ipi.

Hatua ya pili: kupata saa sahihi

Uchunguzi huanzia kwenye kumbukumbu za mfumo, na ili kuzipekua ni lazima kujua wakati wa tukio. Hapa kuna mtego wa kawaida. Mwananchi husema saa 9:30 alasiri. Katika kumbukumbu, wakati huo huandikwa 15:30. Kama seva imewekwa kwenye saa ya kimataifa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3, tukio hilohilo litaonekana limeandikwa 12:30. Mchunguzi asiyelikumbuka hili anaweza kutangaza kwamba hakuna kilichotokea, kumbe ametazama saa isiyo yenyewe.

Hatua ya tatu: kusoma nani alimsubiri nani

Mkwamo unapovunjwa, PostgreSQL huacha maelezo yanayofanana na shauri lililoandikwa vizuri. Kwa mfano wetu, yangesomeka hivi kwa Kiswahili: mchakato 4121 unasubiri kufuli linaloshikwa na mchakato 4135, mchakato 4135 unasubiri kufuli linaloshikwa na mchakato 4121. Chini yake huwekwa amri ambayo kila mchakato ulikuwa ukiitekeleza: 4121 ulikuwa ukibadilisha jedwali la jumla za kata, na 4135 ulikuwa ukibadilisha jedwali la walipaji.

MySQL huonyesha maelezo kama hayo katika taarifa ya hali ya InnoDB, lakini hapo huwekwa mkwamo wa mwisho pekee. Ili yote ihifadhiwe, msimamizi hana budi kuwasha kipengele kiitwacho innodb_print_all_deadlocks. SQL Server hutunza mchoro wa mkwamo katika kumbukumbu za kikao chake cha system_health. Oracle huandika faili la ufuatiliaji kwenye seva. Kwa upande wa foleni, PostgreSQL ina kipengele cha log_lock_waits, ambacho kikiwashwa huandika kila muamala uliosubiri kupita muda uliowekwa. Wakati tatizo likiendelea, orodha ya pg_stat_activity huonyesha nani anafanya nini na nani ameacha muamala wazi bila kazi.

Hatua ya nne: kutafuta kisichoandikwa

Mchunguzi mwenye haraka huishia kwenye hatua ya tatu, na huishia vibaya. Akitazama maelezo ya mfano wetu ataona mchakato mmoja ulikuwa kwenye jedwali la jumla na mwingine kwenye jedwali la walipaji. Atajiuliza: majedwali ni mawili tofauti, wamegombania wapi? Huenda akahitimisha kwamba kanzidata ina kasoro.

Jibu ni kwamba kumbukumbu huonyesha amri ambayo mchakato ulikuwa ukisubiri kuitekeleza. Haionyeshi amri iliyotangulia, ile iliyochukua kufuli la kwanza. Mchakato 4121 ulikuwa umeshapita kwa mlipaji kabla ya kufika kwenye jumla. 4135 ulikuwa umeshapita kwenye jumla kabla ya kufika kwa mlipaji. Nusu ya ushahidi imo katika kumbukumbu, na nusu nyingine imo katika programu. Kwa hiyo mchunguzi huchukua amri mbili zilizoandikwa, hutafuta ni programu zipi zinazozitoa, kisha husoma kila programu kuanzia muamala unapofunguliwa hadi unapofungwa, akiorodhesha makufuli kwa mpangilio yanavyochukuliwa. Orodha mbili zikiwekwa sambamba, mduara huonekana wazi.

Mpangilio unaopingana ndio chanzo cha kawaida, lakini si pekee. Katika MySQL, amri isiyo na faharasa ya kuiongoza inaweza kufunga mistari mingi kuliko iliyokusudiwa, kwa kuwa kanzidata hulazimika kupitia jedwali zima. Katika Oracle, kukosekana kwa faharasa kwenye safuwima inayounganisha jedwali moja na jingine ni chanzo kinachofahamika. Pia miamala miwili inaweza kuushika mstari mmoja kwa kufuli la kusoma, ambalo huruhusu wengi kwa pamoja, kisha kila mmoja ukataka kulibadilisha liwe la kuandika. Hapo kila mmoja husubiri mwenzake aondoke.

Kuzima na kuwasha hupoteza ushahidi

Simu zinapolia na foleni ikirefuka dirishani, ni rahisi kuagiza seva izimwe na kuwashwa upya. Huduma hurejea, na kila mtu hupumua. Hata hivyo, gharama yake ni kubwa. Orodha ya nani alikuwa akimsubiri nani hupotea papo hapo, na mkwamo wa mwisho uliokuwa umetunzwa katika taarifa ya hali ya InnoDB nao hupotea. Miamala yote iliyokuwa njiani, pamoja na ile isiyohusika kabisa na tatizo, hubatilishwa. Chanzo hubaki palepale kikisubiri alasiri nyingine ya kufunga hesabu.

Utaratibu ulio bora ni kuchukua nakala ya hali ilivyo kabla ya kuingilia, kazi ambayo haichukui zaidi ya dakika chache, kisha kusitisha mchakato mmoja unaozuia wengine badala ya kuangusha mfumo mzima. Mkwamo mmoja wa nadra katika kanzidata yenye shughuli nyingi si jambo la kutisha. Unapojirudia kila siku saa ileile, huo ni ufa, na wahenga walishasema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ipo tahadhari nyingine. Amri zinazoandikwa katika kumbukumbu zinaweza kubeba majina, namba za simu na kiasi cha fedha za wananchi. Taasisi inapomtumia mkandarasi kumbukumbu hizo ili asaidie uchunguzi, wajibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haukomi kwa kuwa tatizo ni la kiufundi. Taarifa zisizohitajika katika uchunguzi zifichwe kabla ya kutumwa.

Tiba ya kudumu

Dawa ya kwanza ni kuvunja mduara kwa makubaliano: programu zote zichukue makufuli kwa mpangilio mmoja. Katika mfano wetu, ikikubaliwa kwamba mlipaji hutangulia na jumla hufuata, programu ya kufunga hesabu itabadilishwa na mkwamo huo hautatokea tena. Programu inayopita kwa walipaji wengi iwapange kwa namba zao kwanza, ili programu mbili za aina hiyo zisikutane zikitokea pande tofauti. Makubaliano haya yaandikwe katika nyaraka za mfumo, kwa kuwa aliyeandika programu ya kwanza huenda hatakuwapo ya tatu itakapoandikwa.

Dawa ya pili ni kufupisha miamala. Muamala usishikilie kufuli huku ukimsubiri mtu abonyeze kitufe, au ukisubiri jibu la mfumo wa taasisi nyingine. Ya tatu ni kupunguza mistari inayogombewa na kila mtu: jumla ya kata inaweza kupatikana kwa kujumlisha malipo yenyewe, badala ya kila malipo kuugusa mstari mmoja.

Dawa ya nne ni kurudia. Kwa kuwa mikwamo haiwezi kuondolewa yote, programu iandaliwe kuupokea ujumbe wa mkwamo na kurudia muamala yenyewe mara chache, ikipumzika kidogo kati ya jaribio moja na jingine, kabla ya kumsumbua mwananchi. Kinachorudiwa ni muamala mzima, si amri ya mwisho peke yake. Hapa pia kanzidata hutofautiana: PostgreSQL hubatilisha muamala wote, wakati Oracle hubatilisha amri moja na kuacha yaliyotangulia yakisubiri uamuzi wa programu. Programu isiyojua tofauti hiyo inaweza kukamilisha nusu ya kazi.

Nafasi ya mwananchi

Swali ambalo mwananchi hulijali kuliko yote ni kama fedha yake imepotea. Ndani ya kanzidata moja, muamala uliobatilishwa hauachi alama ya nusu. Lakini malipo ya simu au benki hupita katika kanzidata zaidi ya moja. Fedha inaweza kuwa imeshakatwa upande mmoja wakati upande wa pili umekwama. Kuzilinganisha pande hizo ni kazi ya usuluhishi wa hesabu, na namba ya kumbukumbu ya malipo ndiyo inayowezesha malipo hayo kutambuliwa na kuhesabiwa mara moja tu.

Kwa sababu hiyo, anayepata ujumbe wa kushindwa ilhali fedha imekatwa ahakikishe kwanza hali ya ankara yake kwa namba ileile kabla ya kulipa tena au kuomba namba mpya. Atunze ujumbe wa muamala. Anapotoa taarifa, ataje mambo matatu: namba ya kumbukumbu ya malipo, saa na dakika ya tukio, na maneno halisi yaliyotokea kwenye kioo. Asimpe mtu yeyote namba yake ya siri, kwa kuwa uchunguzi wa aina hii hauihitaji.

Kwa upande wa taasisi, Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 imeweka msingi wa kisheria wa kusimamia matumizi ya TEHAMA katika utumishi wa umma. Ndani ya msingi huo, kila taasisi inayotoa huduma kwa mtandao ina nafasi ya kujiuliza maswali yanayojibika: je, kumbukumbu za mikwamo zinahifadhiwa, je, yupo mtu anayezisoma, na je, mpangilio wa makufuli umeandikwa mahali? Pale majibu yanapokuwa ndiyo, dakika iliyotajwa na mlipaji mmoja dirishani inatosha kumfikisha mtaalamu kwenye amri mbili zilizofungana, na kutoka hapo kwenye marekebisho yatakayowahudumia walipaji wote wanaomfuata.